Je, Kijana Bado Anampenda Simba wa Katuni? Somo kwa Familia Inayopanga Safari

Tuchukue mfano wa familia ya Tarime inayopanga mapumziko ya siku moja katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa kupitia Mugumu na Lango la Ikoma. Watoto ni watatu: wa miaka 7, 12 na 16. Mwandaaji wa safari anawapa bei moja ya familia nzima: usafiri, chakula na, kwa kila mtoto, fulana yenye picha ya Simba na Pumbaa, wahusika wa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Wazazi wanakumbuka jinsi watoto wote walivyoipenda filamu hiyo. Je, walipie fulana tatu?

Mtoto wa miaka 7 ataivaa njia nzima. Wa miaka 12 huenda akaona haya mbele ya wenzake, na wa miaka 16 akaiacha nyumbani. Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba mapenzi yao yamekwisha. Mara nyingi kilichobadilika ni namna ya kuyaonyesha. Kijana aliyekataa fulana anaweza kuwa wa kwanza kumwita ngiri "Pumbaa" na kuomba gari lisimame apige picha. Anataka kumbukumbu na utani wa familia, si vazi la mtoto mdogo. Furaha hiyo haihitaji malipo ya ziada.

Kwa hiyo, tunamshauri mlaji:

1. Amuulize kila mtoto peke yake, mbali na nduguze, kabla ya kutoa malipo ya awali.

2. Aombe mchanganuo wa bei kwa maandishi, na aulize bei itapungua kwa kiasi gani fulana zikiondolewa.

3. Azingatie umri. Katika viingilio vya hifadhi, mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha watoto, na wa miaka 16 huhesabiwa mtu mzima. Neno "mtoto" katika tangazo lifafanuliwe mapema.

4. Adai risiti na kuitunza pamoja na tangazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyepotoshwa awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani.

Zoezi: Kabla ya safari yenu, kila mtoto ataje kitu kimoja anachotamani kukiona. Linganisheni majibu yake na yale mliyokusudia kumlipia.