Kabla Hujanunua Bastola ya Hewa ya Mashindano: Vifaa, Kanuni na Haki za Mlaji

Ofisi yetu hupokea malalamiko ya aina nyingi: majokofu yasiyogandisha, simu zilizokarabatiwa na kuuzwa kama mpya, mabati yaliyo membamba kuliko unene ulioandikwa juu yake. Malalamiko yanayohusu bastola za kulengea shabaha ni machache sana. Hata hivyo tumeona yanastahili somo lake katika kijitabu hiki, kwa sababu mnunuzi wa kifaa hiki yumo katika hatari ya kupoteza mara mbili: kwanza fedha zake, na pili uhuru wake, iwapo atakinunua nje ya utaratibu wa sheria.

Somo hili linahusu zaidi bastola ya hewa inayotumika katika mashindano ya mita 10, kwani ndiyo ambayo wanaoanza mchezo huu huelekezwa kwayo. Mchezo wenyewe ni mwepisi kuueleza na mgumu kuucheza. Mlengaji husimama bila kuegemea kitu, hushika bastola kwa mkono mmoja tu, na hufyatua risasi 60 kuelekea shabaha iliyo umbali wa mita 10. Hupewa dakika 15 za kujiandaa na kujaribu, kisha saa 1 na dakika 15 za kufyatua risasi zinazohesabiwa. Duara la alama 10 lililo katikati ya shabaha lina kipenyo cha milimita 11.5, yaani takriban ukubwa wa kifungo cha shati. Mashindano haya yamo katika Michezo ya Olimpiki tangu Seoul mwaka 1988, kwa wanaume na kwa wanawake.

Kibali kwanza

Wapo wauzaji wanaowaambia wateja kwamba bastola ya hewa "si silaha, ni kifaa cha michezo tu". Tunamwomba mlaji asiyategemee maneno hayo hata kidogo. Nchini Tanzania umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na msajili wa mambo haya yumo ndani ya Jeshi la Polisi. Nchini Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Anayeingiza bastola kutoka nje akidhani kwamba neno "hewa" litamwokoa mbele ya afisa wa forodha anajiweka pabaya. Msimamo wetu ni huu: ichukulie kuwa silaha tangu siku ya kwanza unapoifikiria, nenda kituo cha polisi kabla ya kulipa hata malipo ya awali, na majibu utakayopewa yawe kwa maandishi. Muuzaji anayekuhimiza ulipe leo "kibali kitafuata" anakuhamishia hatari ambayo yeye mwenyewe hataki kuibeba.

Tungependa pia mlaji ajiulize kama anahitaji kununua sasa. Klabu zilizosajiliwa huwa na bastola za kujifunzia, na miezi michache ya kutumia bastola ya klabu itamfundisha mtu mambo ambayo muuzaji hatamwambia: ukubwa wa kiganja chake, jicho analolengea, na kama mchezo wenyewe bado anaupenda baada ya uchangamfu wa wiki za mwanzo kupita.

Mkasa wa mtungi

Mwalimu mmoja wa michezo alitufikia akiwa na lalamiko ambalo tangu hapo tumekuwa tukilitumia kufundishia maofisa wetu wapya. Klabu yake ilikuwa imepata kibali, wanachama wakachanga kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hatimaye wakanunua bastola iliyotumika, iliyotengenezwa Ulaya, kwa shilingi milioni kadhaa. Muuzaji aliwaandikia kwenye simu kwamba bastola hiyo "iko tayari kwa mashindano". Walipofika mashindanoni, mkaguzi wa vifaa aliipima na kuikuta na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kifyatulio kilikuwa chepesi mno. Hilo lilirekebishwa palepale kwa kuzungusha skrubu. Ya pili ilikuwa kwenye mtungi wa hewa, ambao tarehe iliyochongwa juu yake ilionyesha kwamba umri wake umepita miaka 10. Kwa hilo hapakuwa na skrubu ya kuzungusha. Msichana aliyekuwa amejiandaa kwa miezi minane alikaa benchi siku nzima akiwatazama wenzake.

Muuzaji alipoulizwa alijibu, "Bastola inafyatua. Mnataka nini tena?"

Jibu hilo ndilo kiini cha somo hili. Bastola inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe bastola ya mashindano. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, linalojulikana kwa kifupi kama ISSF, zinaweka mipaka inayopimwa kwa mizani na kwa sanduku, na mkaguzi hana mamlaka ya kumhurumia mtu.

Vipimo ambavyo mnunuzi anaweza kuvikagua mwenyewe

Bastola ya mita 10 hutumia risasi ya milimita 4.5. Uzito wake wote, pamoja na kila kilichofungwa juu yake, hautakiwi kuzidi gramu 1,500. Ni lazima iingie katika sanduku lenye urefu wa milimita 420, kimo cha milimita 200 na upana wa milimita 50. Fundi seremala yeyote anaweza kukutengenezea sanduku la vipimo hivyo, na mizani ya jikoni inatosha kwa uzito. Vilengeo ni vya wazi tu. Darubini, miali ya leza na vioo haviruhusiwi, kwa hiyo tangazo linalokusifia bastola "pamoja na darubini ya bure" limeandikwa na mtu asiyeujua mchezo huu, au anayejua kwamba wewe huujui.

Kifyatulio kinahitaji maelezo zaidi, maana ndicho kinachowaangusha wengi. Kanuni inataka kisiachie chini ya gramu 500. Kupima, bastola hushikwa mtutu ukiwa umeelekea juu, kizito cha gramu 500 huning'inizwa kwenye kifyatulio, kisha bastola huinuliwa taratibu mpaka kizito kiondoke mezani. Kifyatulio kikiachia wakati kizito kinainuka, bastola imeshindwa. Mlengaji huruhusiwa majaribio yasiyozidi matatu. Baada ya mashindano wakaguzi huweza kumchagua mlengaji yeyote bila taarifa na kupima tena, na atakayekutwa amelegeza kifyatulio hufutwa matokeo yake yote. Tunapendekeza kifyatulio kiwekwe juu kidogo ya 500, tuseme 510 au 520, kwa kuwa skrubu hulegea safarini na mizani mbili hazikubaliani sawasawa.

Sasa mtungi. Bastola nyingi za kisasa za mashindano hutumia hewa iliyoshindiliwa katika mtungi mdogo ulio chini ya mtutu, kwa kawaida hadi shinikizo la baa 200. Hilo ni shinikizo kubwa. Tairi la gari dogo lina baa 2 au zaidi kidogo. Chuma au alumini inayojazwa na kupunguzwa mara maelfu huchoka, na uchovu huo hauonekani kwa macho. Ndiyo sababu kanuni inampa mlengaji mwenyewe jukumu la kuubadilisha mtungi uliopita muda wake, ambao hauzidi miaka 10. Tarehe huchongwa kwenye mwili wa mtungi. Ukinunua bastola iliyotumika, omba picha ya tarehe hiyo kabla hujazungumza bei, kisha uliza bei ya mtungi mpya na kama bado unatengenezwa kwa toleo hilo. Mtungi wenye miaka minane si kosa la muuzaji, lakini ni sababu halali ya kupunguza bei.

Hewa ya kujazia hupatikana kwa pampu maalumu ya mkono au kutoka mtungi mkubwa kama ule wa wapiga mbizi, na kwa wakazi wa Zanzibar na Mafia vituo vya wapiga mbizi viko karibu. Mtungi wa bastola ujazwe hewa safi na kavu pekee. Kamwe usijazwe oksijeni ya hospitali wala ya mafundi wa kuchomelea, kwa sababu oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta au grisi huweza kulipuka. Kwa klabu iliyo mbali na huduma hizi, bastola ya zamani inayoshindilia hewa yake yenyewe kwa kuvuta wenzo mara moja kwa kila risasi inaweza kuwa chaguo la busara. Haina mtungi wa kuisha muda, na bado inakubalika mashindanoni ikitimiza vipimo.

Kishikio, risasi na vikorombwezo

Kishikio cha mbao huchongwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kwa ukubwa mbalimbali. Hiki ndicho kipengele ambacho bei rahisi mtandaoni huficha mara nyingi: bastola ni nzuri, lakini kishikio ni cha mkono wa kushoto. Kukibadilisha ni gharama ya pembeni. Kanuni pia hairuhusu sehemu yoyote ya kishikio kugusa mkono juu ya kiganja ili kuupa msaada, wala mlengaji kuvaa saa au bangili kwenye mkono unaoshika bastola.

Kuhusu risasi, Kiswahili kimetuwekea mtego mdogo, kwani risasi ni jina la kitu kinachofyatuliwa na pia jina la madini kilichotengenezwa nayo. Kwa mlaji maana zote mbili zina umuhimu. Risasi za mashindano huwa na kichwa bapa ili zikate tundu safi kwenye karatasi. Anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki, risasi 80 kila mara, atamaliza kopo la risasi 500 katika wiki tatu, yaani makopo 16 au 17 kwa mwaka. Gharama hiyo isisahaulike unapopanga bajeti. Na kwa kuwa madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto, osha mikono kwa sabuni baada ya mazoezi na usile uwanjani.

Kibendera cha usalama, yaani uzi wa rangi kali unaoingizwa mtutuni kuonyesha kwamba bastola haina risasi, ni cha lazima na ni cha bei ndogo. Vingine vingi si vya lazima. Viatu maalumu, fremu za miwani zenye lenzi moja na vizibo vya jicho vina manufaa yake kwa aliyekwisha kupevuka katika mchezo, lakini Yusuf Dikeç wa Uturuki alitwaa medali ya fedha ya timu mchanganyiko Paris mwaka 2024, pamoja na Şevval İlayda Tarhan, akiwa amevaa miwani yake ya kawaida. Tusingependa mfano huo utumike kuwakatalia vijana vifaa. Tunautaja kwa sababu tumeona watu wakinunua vikorombwezo kwanza kisha wakakosa fedha za mtungi.

Vipuri ni jambo jingine kabisa. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, bastola ya Manu Bhaker wa India iliharibika katikati ya raundi ya mchujo. Alipoteza dakika nyingi wakati wa matengenezo, akamaliza wa 12 huku nafasi za fainali zikiwa 8. Miaka mitatu baadaye alirudi Paris na kuondoka na medali mbili za shaba. Yeye alikuwa na mafundi karibu naye. Mlaji wa kwetu amuulize muuzaji nani atamtengenezea, wapi, na vipuri vitachukua muda gani kufika.

Ukidanganywa

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia, akategemea utaalamu wake, ana haki ya kupata kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ili haki hizi zikusaidie, andika kusudi lako waziwazi kabla ya kulipa: "Ninanunua kwa ajili ya mashindano ya mita 10 kwa kanuni za ISSF." Sentensi hiyo moja, ikijibiwa "sawa" na muuzaji, ina uzito kuliko dakika 20 za mazungumzo ya simu.

Mwalimu tuliyemtaja alikuwa na ujumbe wa muuzaji uliosema "tayari kwa mashindano", risiti yenye namba ya bastola, na fomu ya mkaguzi. Tuliwakutanisha, na muuzaji akakubali kulipia mtungi mpya. Siku ya mashindano hakuweza kuirudisha.

Anayeleta lalamiko la namna hii katika ofisi zetu aje na nakala ya kibali, risiti, ujumbe wote waliobadilishana na muuzaji, picha ya namba ya bastola na ya tarehe ya mtungi, pamoja na fomu ya ukaguzi kama ipo. Bastola yenyewe asije nayo.