Michezo ya Kuchekesha ya Televisheni: Je, Yafaa Kuangaliwa Nyumbani Pamoja na Watoto?

 

Katika darsa yetu hapa Machakos tumeulizwa masala ambayo kwa juu yaonekana madogo, walakini tulipoyafunua tumeona ndani yake mna mambo mazito. Muulizaji ni mama mwenye watoto. Asema kwamba mumewe hupenda sana michezo ya kuchekesha ya televisheni, ile inayoigizwa na watu wazima kwa mambo ya watu wazima, na watoto huketi naye wakacheka kila anapocheka. Yeye akinyanyuka kwenda kuizima, mumewe humwambia: "Huu ni mchezo tu, na Serikali imekwisha kuupitisha." Basi auliza: je, ana haki ya kuizima? Na mumewe, je, ana hoja?

Tutaanza na hoja ya mume, kwa kuwa ndiyo iliyoenea midomoni mwa watu.

Ni kweli kwamba Kenya ina Bodi ya Kuainisha Filamu, na bodi hiyo huutia kila mchezo alama yake. Upo wa watu wote, upo ambao mtoto auangalie akiwa na mzazi wa kumwongoza, upo wa waliotimia miaka 16, na upo wa waliotimia miaka 18. Tena kanuni za utangazaji zimekataza mambo ya watu wazima yasionyeshwe tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Kazi hii ni njema, na Mwislamu hana sababu ya kuidharau, kwani mwenye kupunguza uovu hushukuriwa hata kama hakuuondosha wote. Mwezi wa Juni 2017 bodi hiyo ilitaka katuni sita za kigeni ziondolewe, miongoni mwazo The Loud House na Adventure Time, kwa kuona kwamba zawafundisha watoto mahusiano ya jinsia moja. Nazo zilikuwa katuni, vitu ambavyo mzazi humwachia mtoto kwa raha ya moyo, akaenda jikoni.

Lakini chekeche zote hazilingani matundu. Bodi yauliza: mtoto wa miaka mingapi atadhurika na jambo hili? Sheria yetu yauliza hilo, kisha yauliza na jingine: jambo lenyewe ni jema au ni ovu? Kijana akitimia miaka 18 hakuhalalishiwa kuangalia uchi wa mtu, wala kuburudika kwa zinaa ya jirani. Amri ya kuinamisha macho, iliyo katika Sura ya An-Nur aya ya 30 na ya 31, wameamrishwa Waumini waume na Waumini wake, na wa kwanza wa kuambiwa ni hawa watu wazima. Kwa hiyo alama ya 18 kwetu haiwi ruhusa kwa baba. Ni onyo kwa baba kabla ya kuwa onyo kwa mwana. Na upande wa pili, yako mambo mengi ambayo hupita katika chekeche ya bodi bila kunaswa, kama uwongo baina ya mume na mke, na kudhihaki kabila za watu, na kumcheka maskini kwa umaskini wake. Haya hayana uchi ndani yake, basi huandikiwa kuwa yawafaa wote.

Wako wenzetu waliokwenda mbali upande mwingine, wakasema televisheni ivunjwe na kicheko kiharamishwe. Hawa nao hatuko pamoja nao. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwacha Bibi Aisha awaangalie Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini, akamsitiri mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kuangalia. Naye Mtume alikuwa akifanya mzaha. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamjibu kwamba atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu: nitafanya nini na mtoto wa ngamia? Akamwuliza kama yuko ngamia asiyezaliwa na ngamia. Watu wakacheka, na neno lilikuwa la kweli, wala hapana aliyevunjiwa heshima yake. Hicho ndicho kipimo chetu cha kicheko.

Iko pia hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi inayomwonya vikali mtu asemaye uwongo ili awachekeshe watu. Wengine huishika wakaharamisha maigizo yote. Sisi hatuoni hivyo, kwa sababu mwigizaji hamdanganyi mtu. Anayemwangalia ajua, naye ajua, kwamba hadithi ile ni ya kutungwa. Tunaloliuliza ni hili: mchezo wenyewe, baada ya kicheko kwisha, umelipamba jambo gani, na umemfanya nani kuwa wa kuchekwa?

Hebu tuchukue mfano mmoja unaojulikana na kila nyumba, ili maneno yasielee hewani. Mchezo wa Papa Shirandula ulianza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2007. Mwigizaji wake mkuu, Charles Bukeko, alifariki Julai 2020. Nasi twasema juu ya mchezo, hatusemi juu ya mja aliyekwisha kurejea kwa Mola wake. Vipande vyake vingali vikizunguka katika simu za watoto wetu. Kisa chake ni cha mlinzi wa langoni aliyemficha mkewe kazi yake. Hutoka nyumbani amevaa suti kama karani mkubwa, akifika kazini akaivua na kuvaa sare ya ulinzi. Juu ya uwongo huo mmoja vimejengwa visa vingi.

Kwa kipimo cha bodi mchezo huu ni mwepesi. Kwa kipimo chetu una mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kwamba mume kumdanganya mkewe miaka na miaka kumefanywa jambo la kufurahisha, na mke anayeulizauliza ndiye aonekanaye kuwa msumbufu. Mtoto wa miaka saba hajui kutenga mzaha na mafunzo. Aonalo likichekewa na baba yake hudhani baba amelipenda.

La pili ndilo lililotushughulisha zaidi. Toka hapa mpaka Nairobi ni mwendo wa kilomita sitini na zaidi kidogo, na wengi katika wazee wa Ukambani hula rizki yao kwa kulinda malango ya watu usiku kucha. Wamo na katika safu zetu za sala. Mtoto wa mtu huyu anapocheka kwa sababu mlinzi aionea haya sare yake, amcheka nani? Na kesho akiulizwa shuleni kazi ya baba yake, atajibu nini? Bukhari amepokea kwamba Nabii Daud, naye alikuwa mfalme, alikuwa akila katika kazi ya mkono wake. Ulinzi ni kazi ya halali yenye jasho na baridi na hatari. Walakini hatutaki kuudhulumu mchezo. Mwenye kuuangalia kwa makini aweza kuona kwamba kinachochekwa ni kiburi cha yule mtu cha kuikana kazi yake, wala si kazi. Ila hilo hulitambua mtu mzima, au mtoto mkubwa aliyeketi na mzazi wa kumwambia: "Waona taabu aliyojitia? Angesema kweli siku ya kwanza." Bila ya neno hilo, mtoto huchukua ganda akaacha kiini.

Vivyo hivyo lafudhi. Michezo yetu mingi huchekesha kwa namna Mluhya anavyosema, na Mjaluo, na Mkikuyu, na Mkamba wetu huyu ambaye kila akitajwa hutajwa na uganga. Sura ya Al-Hujurat aya ya 11 imekataza watu kudhihakiana na kuitana kwa majina ya kuudhi. Mzaha wa watani wanaojuana ni jambo moja. Kumfunza mtoto kwamba kabila fulani ni wajinga ni jambo jingine.

Basi mchezo wa namna hii hatuuharamishi, wala hatuwaachii watoto wadogo peke yao. Ama ile michezo ambayo ukiondoa zinaa hapabaki kisa, ambayo mume, mke na hawara ndio kicheko chote, hiyo haiwafai watoto wala wazazi, iwe imeandikwa 18 au haikuandikwa.

Na kwa wale wasemao kwamba kuwapangia watoto saa ni mambo ya kizungu, waisome Sura ya An-Nur aya ya 58. Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto ambao hawajabaleghe wasiingie kwa wakubwa wao illa kwa idhini: kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Maana yake ni kwamba faragha ya mke na mume ina mlango, na mtoto hupiga hodi. Michezo hii imeugeuza mlango ule. Mtoto haingii tena chumbani mwa watu wazima. Chumba chenyewe ndicho kimeletwa sebuleni, na saa hiyohiyo ya isha.

Sasa jibu la yule mama. Hoja ya mumewe haikusimama, kwa kuwa Serikali imehukumu umri tu. Na yeye ana haki ya kusema, kwani hadithi ya wachungaji, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imemtaja mwanamke kuwa mchungaji katika nyumba ya mumewe naye ataulizwa. Lakini kuizima kwa kishindo mbele ya watoto hatumshauri. Huko ni kuwaonyesha ugomvi wa kweli badala ya ule wa kuigizwa. Na aseme na mumewe faraghani, wachague pamoja, na mume auangalie mchezo kwanza bila ya watoto. Akiona haya kuulizwa na bintiye maana ya neno lililosemwa humo, basi amekwisha pata fatwa yake.

Limeulizwa na jingine, khasa na waliosilimu. Watoto huenda likizo ya Desemba kwa nyanya yao, susu kama wamwitavyo hapa, naye ni Mkristo, na televisheni yake huwashwa jioni nzima. Wafanyeje? Wasiizime, nyumba ni yake. Sura ya Luqman aya ya 15 imeamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wanaotuitia kwenye ushirikina, seuze bibi anayeangalia mchezo. Mzazi mwenyewe ndiye aseme naye kabla ya safari, kwa adabu, asimtume mtoto kumkanya mkubwa. Na kwa kuwa vipindi hivi aghlabu huonyeshwa karibu na isha, watoto watoke uani wakatawadhe, wasali bila haraka pamoja na mama yao. Wakirudi ndani, mchezo umebaki kidogo na chakula kimekwisha kupakuliwa.