Mwali, Ngozi na Kemia: Mtoto Apambwe Akiwa na Umri Gani?

Kila mwaka mwezi wa Novemba, mitihani ya Kidato cha Nne inapomalizika, wasichana wengi wa Kilosa na Mikumi hurudi nyumbani wakiwa na nywele fupi sana, kama kanuni za shule nyingi za Serikali zinavyotaka. Tangu siku hiyo hadi watakapoitwa Kidato cha Tano au chuoni, hakuna mwalimu wa zamu wa kuwakagua vichwa. Nywele zinaota, saluni iko jirani, na swali linapelekwa kwa mama au kwa shangazi: je, sasa nimekua kiasi cha kuweka dawa? Mdogo wake wa miaka minane naye anataka piko ya sikukuu. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo huenda yumo mtoto mchanga ambaye hakuuliza lolote, na tayari amekwisha kupakwa wanja.

Watu watatu, umri tofauti, na vitu vitatu ambavyo kemia yake ni mbali mbali. Makosa mengi katika jambo hili hutokana na kulifanya kuwa swali moja lenye jibu moja.

Wazee wa wilaya hii walikuwa na jibu lao. Kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kama kwa majirani zao Waluguru na Wazaramo, hawakuhesabu miaka. Walitazama mwili. Binti alipovunja ungo aliitwa mwali, akawekwa ndani, akafundishwa na wanawake wazima, na alipotolewa nje alipakwa mafuta na kupambwa mbele ya watu. Mapambo yalikuwa tangazo kwamba amevuka. Mafuta yaliyotumika sana zamani ni ya nyonyo, yaani mbarika, na mwanafunzi wa kemia yafaa ajue kwamba ingawa mbegu ya nyonyo ina sumu kali iitwayo risini, sumu hiyo ni protini, haiyeyuki katika mafuta, hivyo hubaki kwenye makapi. Mafuta yenyewe hulainisha ngozi tu.

Jambo jingine lilitokea bila mtu kulikusudia. Mwali aliyekaa ndani miezi mingi alitoka akiwa mweupe kidogo kuliko alivyoingia, na watu wakapendezwa. Sababu yake ni rahisi: mwanga wa jua unapopungua, seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi, hupunguza kazi. Akirudi shambani, rangi yake hurudi. Leo weupe huo unatafutwa kwa njia nyingine, na hapo ndipo hesabu inapobadilika kabisa.

Kabla ya kuzitazama dawa zenyewe, hapana budi kuitazama ngozi ya mtoto. Husemwa mara nyingi kwamba ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo hupitisha sumu. Maneno hayo ni kweli kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Lakini mtoto wa shule ya msingi ngozi yake huzuia karibu sawa na ya mtu mzima. Tofauti kubwa iko katika eneo la ngozi likilinganishwa na uzito wa mwili, na jambo hili laweza kufanyiwa hesabu darasani.

Chukua urefu wa mtu kwa sentimita, uzidishe kwa uzito wake kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni eneo la ngozi yake kwa mita za mraba. Mwanamke mwenye sentimita 160 na kilo 60 anapata mita za mraba 1.63, yaani sentimita za mraba 272 kwa kila kilo. Mtoto wa sentimita 138 na kilo 30 anapata 1.07, yaani kama 357 kwa kilo. Mtoto mchanga wa sentimita 50 na kilo 3 anapata 0.20, nayo ni kama 680 kwa kilo. Basi mama akijipaka mafuta mwili mzima na kumpaka mwanawe mafuta yale yale, kila kilo ya mwili wa mtoto imebeba mafuta mara mbili na nusu ya yaliyobebwa na kila kilo ya mama yake. Ni kanuni ile ile ya vipande vya muhogo: vilivyokatwa vidogo hukauka upesi kuliko muhogo mzima.

Ongeza hapo kwamba ubongo na figo za mtoto bado zinakua, kwamba mikono yake huingia kinywani kila saa, na kwamba anayeanza kupaka kitu akiwa na miaka kumi atakuwa amekipaka miaka ishirini atakapofika thelathini.

Sasa tuitazame zebaki. Chumvi za zebaki huzuia kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, ambacho bila hicho melanini haitengenezwi. Ndiyo maana ziliwekwa katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Lakini zebaki haibaki kwenye ngozi. Huingia katika damu na kukusanyika katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wao juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini katika mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi. Hao walikuwa watu wazima.

Kwa watoto ushahidi ni wa zamani zaidi, nao unatoka Ulaya na Australia. Huko, hadi katikati ya karne ya ishirini, watoto walioota meno walipewa unga wenye kalomeli, ambayo ni kloridi ya zebaki. Wachache miongoni mwao waliugua ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu ikawa myekundu na kuuma, wakatoka jasho, wakakosa usingizi, wakalia mchana kutwa. Madaktari waliutafutia vijidudu kwa miaka mingi. Unga huo ulipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa ukatoweka karibu kabisa. Watoto wengi walipewa unga huo na ni sehemu ndogo tu iliyougua, na hapo pana funzo kwa mwanafunzi wa sayansi: mtoto wa jirani kupaka kitu asidhurike si ushahidi kwamba kitu hicho ni salama. Isitoshe, mama anayejipaka zebaki huiacha katika taulo, katika mashuka na katika hewa ya chumba, na mtoto asiyepakwa kamwe anaweza kukutwa nayo mwilini.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi cha sehemu moja katika milioni. Mkutano wa nchi wanachama wa mwaka 2023 ulikiondoa hata kiwango hicho, ukataka vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Nchini Tanzania zebaki, hidrokwinoni na steroidi zimekatazwa katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Lakini katazo ni jambo moja na kopo ni jingine. Mji wa Mikumi uko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Kilosa iko kwenye Reli ya Kati. Bidhaa za kila namna hupita. Na kuna mkorogo, ambao hauna kopo wala maandishi, maana huchanganywa na muuzaji mwenyewe. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuifanya ngozi iwe na madoa ya buluu na nyeusi yasiyotoka. Daktari mmoja wa Afrika Kusini aliyaeleza mwaka 1975. Steroidi kali huikonda ngozi hadi mishipa ikaonekana, na kwa mtoto yaweza kunyamazisha tezi zilizo juu ya figo na kupunguza kimo chake.

Kwa hiyo anayeuliza ni umri gani binti aanze mkorogo, jibu la kemia ni kwamba umri huo haupo. Shangazi wa miaka hamsini naye hajaufikia.

Hina na piko huwekwa pamoja katika fikira za watu, wala si ndugu. Hina ni majani yaliyosagwa. Ndani yake mna losoni, rangi ya machungwa inayojishikiza polepole kwenye keratini ya ngozi na kucha, na upole huo ndio unaomlazimu mtu kukaa na mikono iliyofungwa usiku kucha. Kwa watu wengi haina madhara. Hata hivyo, katika nchi zenye malaria wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wavulana zaidi kuliko wasichana kwa kuwa jini lake liko kwenye kromosomu ya X. Watoto wachanga wenye upungufu huo wamewahi kupasukiwa chembe nyekundu za damu baada ya kupakwa hina mwilini, wakapata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto mchanga basi asipakwe hina.

Piko nyeusi inayokolea kwa saa moja ni rangi ya nywele ya kiwandani, nayo jina lake ni parafenilinidayamini. Kinga ya mwili yaweza kuitambua kama adui, na ikiisha kuitambua haisahau maisha yote. Mtoto wa miaka minane aliyechorwa ua la piko mkononi akatoka malengelenge, akifika miaka arobaini na kutaka kuficha mvi, uso wake waweza kuvimba hata macho yasifunguke. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kitu hicho kupakwa kwenye ngozi, na rangi za nywele zenye nacho huandikwa kwamba si za watu walio chini ya miaka 16. Kikinywewa huua, hospitali za Sudan zinalijua jambo hilo vyema.

Juu ya wanja hapahitaji maneno mengi. Wanja wa masizi ni kaboni. Wanja wa jiwe linalong'aa mara nyingi ni salfaidi ya madini ya risasi, na kwa macho ni vigumu kuutambua. Mtoto mdogo hufyonza tumboni karibu nusu ya risasi anayoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Risasi hudhuru akili, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa hakina madhara. Mtoto hujifikicha macho, kisha hunyonya vidole.

Turudi kwa yule wa Kidato cha Nne, kwa sababu jambo lake ndilo gumu. Nywele ni keratini, na umbo lake hushikwa na viungo vya salfa mbili mbili. Dawa ya kulainisha nywele huwa na haidroksidi ya sodiamu, au haidroksidi ya kalsiamu iliyochanganywa na kabonati ya gwanidini, na pH yake hufika 12 au zaidi. Alkali hiyo huondoa salfa moja katika kila kiungo inachokikata, na nywele haiwezi tena kurudi ilivyokuwa. Maabara ya shule yaweza kuonyesha nguvu zake: mwalimu, akiwa amevaa miwani na glavu, atie nywele chache katika myeyusho wa haidroksidi ya sodiamu wenye moli 2 kwa lita, aupashe moto taratibu. Baada ya muda nywele huyeyuka. Ngozi ya kichwa nayo ina keratini. Maandishi ya kopo lisemalo kwamba halina sodiamu yasimdanganye mtu. Karatasi ya litmasi nyekundu itakuwa buluu vile vile.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Walikadiria kwamba kufikia miaka 70, wanawake 1.64 katika kila 100 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele wangepata saratani ya mfuko wa uzazi, na 4.05 katika kila 100 wanaozitumia mara kwa mara. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo sababu, na darasa lafaa lijadili ni mambo gani mengine yangeweza kuleta tofauti hiyo. Lakini yatosha kumfanya mama aseme kuwa mtoto wa shule ya msingi asiwekewe dawa kabisa, na kwamba binti wa miaka kumi na saba, aliyeelezwa haya yote, asiye na kidonda kichwani, anaweza kuamua mwenyewe kuanza au kuendelea kusuka. Kusuka nako kusiwe kwa kukaza: nywele za kwenye paji la uso zikivutwa miaka mingi huacha kuota.

Ipo desturi moja inayopindua mpango mzima wa kungojea, nayo ni kutoga masikio. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotoga wakiwa na miaka kumi na moja au zaidi waliota keloidi, yaani kovu linalokua kupita jeraha, mara nyingi zaidi kuliko waliotoga mapema. Familia yenye makovu ya namna hiyo ingefanya vyema ama kumtoga binti akiwa mdogo, baada ya chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ambazo ndani yake mna kinga ya pepopunda, ama kutomtoga kabisa.

Na wapo watoto ambao kupakwa kwao hakungoji umri wowote. Mtoto mwenye ualbino hana melanini ya kumkinga, na jua la Kilosa linaweza kumletea saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun yanayotengenezwa katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC huko Moshi, hupakwa tangu utotoni, kila asubuhi kabla mtoto hajatoka kwenda shule, na kurudiwa kila baada ya saa mbili awapo nje, pamoja na kofia pana na shati la mikono mirefu. Mwalimu wa darasa ndiye anayeweza kumruhusu kuvaa kofia hiyo wakati wa paredi.