Msaada wa Nyumbani katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu

Makala haya yamekusudiwa walimu wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha katika Darasa la Kwanza na la Pili. Tangu mtaala wa 2015, kazi kuu ya madarasa hayo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Swali letu ni hili: nyumba inaweza kusaidia nini katika kazi hiyo?

Tuchukue mfano wa Goba, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni na sasa ni kata ya Wilaya ya Ubungo. Wazazi wengi huondoka alfajiri kuwahi daladala za kwenda mjini, nao hurudi usiku. Mtoto hubaki na bibi, dada au kaka. Kwa hiyo mwalimu anayeandika katika daftari "mzazi amsaidie mtoto" huenda hajamwambia mtu yeyote. Hana budi kumjua mlezi aliyepo jioni, na kumwomba jambo moja lililo wazi.

1. Kusoma

Shuleni mtoto hujifunza sauti za herufi, kisha huziunganisha kuwa silabi na maneno. Nyumbani pengine hufundishwa majina ya herufi. Mtoto aliyeambiwa kwamba herufi hizi ni "be" na "a" ataziunganisha apate "bea" badala ya "ba". Mweleze mlezi tofauti hiyo kwa upole, ili mtoto asivutwe huku na huku.

Hatari nyingine ni kukariri. Mtoto husoma ukurasa mzima bila kosa, kumbe ameushika kwa masikio tu. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuligundua jambo hili. Aweke kidole juu ya neno lililo katikati ya mstari, aulize, "Hapa pameandikwa nini?" Mtoto akilazimika kuanza mwanzo wa mstari ili alifikie neno hilo, ni dalili kwamba bado hasomi.

2. Kuandika

Mtoto huandika kama asemavyo. Anayesema "kura" akikusudia "kula" ataandika hivyo hivyo. Mlezi asimcheke, alitamke neno sawasawa naye mtoto alirudie. Mazungumzo na hadithi za jioni, kwa sababu hiyo, ni sehemu ya somo la kuandika.

3. Kuhesabu

Majina ya namba huweza kumsaidia mtoto au kumpoteza. "Kumi na tatu" hujieleza lenyewe, lakini "hamsini" halionyeshi kwamba ni makumi matano. Ndiyo maana wapo watoto wanaoandika 502 wakikusudia 52: wameandika hamsini, kisha mbili. Dawa yake ni vitu vya kushika. Mtoto afunge vijiti kumi kumi. Mafungu matano na vijiti viwili ni 52. Nyumbani vizibo vya soda au punje za maharage zatosha. Gengeni pia pana somo: nyanya huuzwa kwa mafungu, na mafungu matatu ya nyanya nne nne ni hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto anaiona kwa macho.

4. Kuzungumza na mlezi

Mwalimu aanze kwa heshima: "Shikamoo, bibi. Wiki hii mjukuu wako anajifunza ma, me, mi, mo, mu. Naomba kila jioni akusomee mstari mmoja." Ombi hili halihitaji fedha wala elimu kubwa. Tena tusimdharau bibi huyo. Huenda yeye mwenyewe alihudhuria kisomo katika miaka ya 1970, enzi za kampeni iliyosaidia kupunguza watu wazima wasiojua kusoma nchini kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975.

Hata hivyo, nyumba haichukui nafasi ya darasa. Mtoto asiyejua kuunganisha silabi afundishwe na mwalimu. Asirudishwe nyumbani na kazi asiyoiweza, akapigwa kwa sababu yake. Mtoto anayeikosa KKK katika miaka hii miwili huingia Darasa la Tatu akiwa na vitabu asivyoweza kuvisoma.

Maswali ya kujadili

(a) Utawezaje kumjua mlezi wa jioni wa kila mtoto bila kuwaaibisha wenye shida nyumbani?

(b) Andaa ombi moja la wiki kwa mlezi asiyejua kusoma, kuhusu makumi na mamoja.