Zanzibar Ni Nchi. Je, Ulemo Iko Wapi?

Chukua mkulima wa alizeti pale Ulemo, Singida. Kilimo si jambo la Muungano, lakini sheria yake inatungwa Dodoma, na mbunge kutoka Pemba anaipigia kura. Sheria ya karafuu je? Hiyo ni ya Baraza la Wawakilishi, na mbunge wa Iramba hana kauli kule.

Mambo haya yanatoka 1964. Tanganyika iliingia kwenye Muungano ikapoteza serikali yake; Zanzibar ikabaki na yake. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikatamka kuwa Zanzibar ni nchi. Tume ya Jaji Warioba ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la 2014 likarudi kwenye mbili.

Wanaopinga tatu wanauliza: nani ataibebea gharama? Swali zito, tukubali. Ila hata mbili zina gharama, na sehemu yake analipa mkulima wetu.

Kwa hiyo, wanazuoni wenzangu, tukibishana kama Zanzibar iwe dola kamili, bendera zisubiri kwanza. Tuanze na swali la Ulemo: nani ananitungia sheria, na je, naweza kumwondoa kwa kura yangu?