Somo la Familia: Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yeremia 29:4–7, Kumbukumbu la Torati 6:6–7, Mithali 12:10

Lengo la somo: Kuona jinsi bustani na kuku wa nyumbani wanavyoweza kumrudishia mzazi nafasi yake ya kufundisha.



Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tuliofika Villawood kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wengine baada ya miaka mingi kambini, tunaijua kamba hiyo. Ni lugha. Barua ikifika, mtoto wa miaka kumi ndiye anayeisoma. Simu ikilia, tunampa yeye. Tukienda kwa daktari, yeye ndiye anayetusemea, hata mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. (Kwa daktari, tuombe mkalimani wa bure kupitia 131 450, tusimtwike mtoto mzigo huo.)

Polepole nyumba inapinduka. Mtoto anajua, mzazi anauliza. Siku moja mtoto anamjibu mama yake, "Wewe hujui kitu," na mama ananyamaza, kwa sababu moyoni anaogopa kwamba ni kweli.

Si kweli. Somo la juma hili linatupeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mzazi bado ni mwalimu.

1. Wageni waliambiwa wapande

Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Baadhi yao walitumaini kurudi kwao upesi, wakaishi kama watu waliokaa juu ya masanduku. Nabii aliwaambia wajenge, wapande bustani na kula mazao yake, walee watoto, na kuutafutia amani mji walimo.

Villawood inawajua wageni. Hosteli ya wahamiaji ilifunguliwa hapa mwaka 1949, na watu wa Ulaya na baadaye wa Asia walipitia humo. Wengi wao walipopata nyumba walianza na mboga za kwao. Nasi tukishika jembe tunafuata njia ambayo wengine wamekwisha kuikanyaga.

2. Mzazi ana la kufundisha

Mtoto anaweza kuijua simu kuliko sisi, lakini hawezi kutofautisha mche wa mchicha na gugu. Hajui kuku anayetaka kuatamia anavyonuna, wala kwa nini mbegu ya boga hufukiwa kina na ya mchicha hunyunyizwa juu juu tu. Hayo tunayajua sisi.

Na lugha huingia kwa mikono. Mtoto asiyetaka kuketi kwenye somo la Kiswahili atajifunza tuta, mbegu, jogoo, tembe, kifaranga, kutaga na kuparura bila kuona kwamba anafundishwa. Watoto wa Kikongo watasema lengalenga, wa Kitanzania watasema mchicha, wabishane, na wote watakuwa sahihi. Kumbukumbu la Torati inatuagiza kuzungumza na watoto tuketipo na tutembeapo. Kuwafungulia kuku asubuhi ni wakati wa namna hiyo.

Majira ya hapa yamegeuka, kwa hiyo tukumbuke: joto huanza kurudi Septemba, na kiangazi ni Desemba hadi Februari. Mchicha, mahindi, maboga na matembele vinapenda joto hilo. Sukuma wiki inapenda ubaridi, nayo hustawi vizuri wakati mboga nyingine zimelala.

3. Mzazi naye ana la kujifunza

Tuwe wakweli: shamba la hapa si la kwetu. Mwaka wetu wa kwanza kuku waliacha kutaga mwezi wa Juni. Tulidhani wanaumwa, tukawaombea, tukabadilisha chakula. Baadaye tulielewa kwamba ni mwanga. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Sydney mchana wa Juni ni kama saa 10 tu, na wa Desemba ni zaidi ya saa 14. Mchana ukifupika, kuku hupumzika. Ukirefuka, hurudi kutaga.

Mambo mengine ya kujifunza ni haya:

*Ruhusa.* Kama tumepanga, tumwombe mwenye nyumba au wakala kwa maandishi kabla ya kununua kuku. Kanuni za New South Wales zinataka kuku wakae angalau mita 4.5 kutoka nyumba ya kuishi, ikiwemo ya jirani. Kwa bata na kanga ni mita 30. Sehemu moja ya Villawood iko chini ya halmashauri ya Fairfield na nyingine chini ya Canterbury-Bankstown, hivyo kila mmoja aulize kwake. Jogoo tumwache: kuku hutaga bila yeye, na jirani anayeamshwa saa kumi alfajiri hatatusikiliza tukimwalika kanisani.

*Udongo.* Hili ndilo zito kuliko yote. Rangi za nyumba za zamani, hasa za kabla ya 1970, na petroli iliyotumika nchini hadi 2002 ziliacha madini ya risasi ardhini. Kuku huparura na kumeza udongo huo, na risasi huingia katika yai. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliona kwamba mayai ya kuku wa nyumbani hapa Sydney yalikuwa na risasi kwa wastani mara 40 zaidi ya mayai ya dukani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo tupime udongo kwanza. Mpango wa VegeSafe wa Chuo Kikuu cha Macquarie umepokea udongo wa wananchi na kuupima; tuulize kwanza kama bado unapokea. Ukiwa mbaya, tupande kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye udongo safi wa kununua, na kuku tusiwaache waparure ardhi ya zamani.

*Asbesto.* Nyumba nyingi za fibro za mitaa yetu zilijengwa kwa asbesto. Tukichimba na kukuta vipande vyake, tusivivunje wala kuvifagia. Tusimame, tuwaondoe watoto, tuulize halmashauri.

*Mbegu.* Bibi akija kututembelea, asifiche mbegu kwenye mzigo. Azitangaze uwanja wa ndege, asije akatozwa faini.

*Joto na mbweha.* Tarehe 4 Januari 2020, Penrith ilifika nyuzi 48.9. Hata kwenye nyuzi 35 kuku huanza kutweta na kutanua mabawa. Wanahitaji kivuli na maji baridi. Usiku banda lifungwe vizuri, maana mbweha hufika hadi mijini.

Barua na kanuni hizi mtoto anaweza kutusaidia kusoma. Lakini sasa anasoma kama msaidizi katika shamba la baba na mama yake, nasi tunamsikiliza bila aibu. Hivyo kila mmoja ana la kumpa mwenzake.

4. Kuku aliyepewa jina

Mmoja wetu alikuwa na binti wa miaka saba aliyempa kuku mmoja jina la Malaika. Alimlisha kila siku kabla ya shule. Krismasi ilipokaribia, baba alifanya kama baba yake alivyofanya: alimchinja Malaika asubuhi na mapema, bila kusema neno. Mezani mtoto alielewa. Hakula siku hiyo, wala hakurudi bandani hadi Pasaka.

Baba alikasirika kwanza. "Kuku ni kuku," alisema. Lakini baadaye alikaa na binti yake kwenye ngazi ya nyuma akamwambia, "Sikukosea kuchinja. Nilikosea kutokukuambia. Nisamehe." Mtoto hakujibu siku hiyo. Kesho yake alichukua ndoo ya maji akaenda bandani.

Mithali inasema mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Tuongeze: na moyo wa mtoto aliyemlisha. Tuamue pamoja tangu mwanzo ni kuku gani wa mayai na yupi wa chungu. Mtoto anayeelezwa hujifunza chakula kinatoka wapi, hata akilia. Anayefichwa hujifunza kwamba mzazi wake haaminiki.

Maswali ya kujadili

1. Ni kitu gani wazazi wako walikufundisha shambani ambacho watoto wako hawajui bado?
2. Watoto: ni jambo gani mzazi wako anajua ambalo hujawahi kumuuliza?
3. Je, kuna jambo tulilolifanya kimya nyumbani ambalo tunapaswa kuliombea msamaha?

Kazi ya juma hili

Wasio na uwanja wachukue ndoo, waitoboe chini, wajaze udongo wa dukani na kupanda mchicha. Mzazi aonyeshe, mtoto apande. Jumapili ijayo kila mtoto atuambie maneno matatu mapya ya Kiswahili aliyojifunza.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.