Nani Aende Kambini?

Mzee mmoja wa Ipililo alitusimamisha baada ya Misa. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, na jina lake limetoka katika orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nayo pamba shambani yangoja kuchumwa. "Padri," akasema, "je, watoto wa wakubwa nao wanakwenda?"

Swali hilo ni la zamani. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 32, wana wa Rubeni na Gadi waliona malisho mema ng'ambo hii ya Yordani, wakataka kubaki na mifugo yao. (Msukuma mwenye ng'ombe atawaelewa upesi.) Musa aliwakemea: ndugu zao waende vitani, nao wakae? Hawakuahidiwa nchi ile mpaka walipokubali kutangulia mbele ya ndugu zao wakiwa na silaha.

Hapa kwetu swali lilizuka kwa kishindo tarehe 22 Oktoba 1966. Sheria ya wakati ule iliwataka wahitimu watumikie taifa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliosalia kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi kwa Mwalimu Nyerere kupinga, wakidai kwamba wakubwa wenyewe wanakula mishahara minono. Mwalimu alighadhibika, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini papo hapo aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi twaona kwamba tendo hili la pili lina uzito kuliko lile la kwanza. Pasipo hilo, kuwafukuza kungalikuwa hasira ya mwenye nguvu tu. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Mmoja wa waliofukuzwa, marehemu Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge, 2005 hadi 2010.

Kanisa halimlazimishi kila mtu kushika bunduki. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati Gaudium et Spes, namba 79, wataka sheria zimtendee kwa utu yule anayekataa silaha kwa sababu ya dhamiri, mradi akubali kuwatumikia wenzake kwa njia nyingine. Dhamiri, basi, hulipa gharama yake. Katika vita vya Vietnam, Dick Cheney wa Marekani aliahirishiwa wito wa jeshi mara tano; mwaka 1989 akawa Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1991 vijana wa wenzake wakapelekwa vitani chini ya wizara yake.

Utumishi wa lazima ulisimamishwa hapa nchini mwaka 1994, ukarejeshwa 2013. Mwaka huo baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini wenyewe. Mafunzo yao yalikuwa mafupi, lakini walikwenda.

Kwa hiyo, mzee wetu, mwana na aende. Majirani watakusaidia kuchuma pamba. Nawe katika mkutano wa hadhara ujao simama, umwulize mheshimiwa kwa adabu: mtoto wake alikwenda kambi gani, na mwaka gani?